Uongezaji kasi wa michoro

uongezaji kasi wa michoro (nomino, ngeli ya U). Utaratibu ambao kivinjari hukabidhi kichakataji cha michoro kazi ya kuchora kurasa, kucheza video na kuonyesha picha za pande tatu, badala ya kukitwika kichakataji kikuu mzigo wote. Baadhi ya waandishi husema *uharakishaji wa michoro*. Istilahi zote mbili zinafaa, ilmuradi mwandishi achague moja na kuishikilia tangu mwanzo hadi mwisho wa matini.

Maelezo

Mnamo Machi 2011, Internet Explorer 9 na Firefox 4 zilitolewa zikiwa na uwezo huu kwa watumiaji wa Windows. Leo vivinjari vikuu vyote vinao, na aghalabu huwa umewashwa tangu kivinjari kinaposakinishwa. Ndiyo maana watumiaji wengi hukutana na jina lake kwa mara ya kwanza siku mambo yanapoharibika.

Dalili za hitilafu ni hizi: dirisha huwa jeusi au jeupe ilhali kivinjari kingali wazi, herufi hukatika au kuacha mabaka, sauti ya video husikika bila picha, ukurasa humetameta unapoushusha. Chanzo cha kawaida ni *kiendeshi*, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kadi ya michoro, hasa kikiwa kimepitwa na wakati au kina kasoro. Chrome na Firefox zina orodha za viendeshi vyenye kasoro zinazojulikana; kivinjari kikitambua kimojawapo, huacha kukitumia kwa kazi zinazohusika na kurejea kwenye kichakataji kikuu.

Utaratibu wa utatuzi

1. Funga kivinjari kabisa, kisha ukifungue tena. Tatizo likitoweka na lisirudi, ishia hapo.
2. Piga picha ya skrini na uitazame kwenye kifaa kingine. Mabaka yasipoonekana katika picha hiyo, shuku skrini yenyewe au waya wake kabla ya kukilaumu kivinjari.
3. Soma hali ilivyo. Katika Chrome, andika chrome://gpu kwenye sehemu ya anwani. Katika Firefox, andika about:support na utafute sehemu ya michoro. Kurasa hizi huonyesha kazi zipi zinafanywa na kichakataji cha michoro na zipi hazifanywi.
4. Zima uongezaji kasi. Katika Chrome, swichi yake imo katika mipangilio, sehemu ya mfumo. Katika Firefox, imo katika mipangilio ya jumla, sehemu ya utendaji, nayo huonekana baada ya kuondoa alama kwenye mipangilio inayopendekezwa. Kisha fungua kivinjari upya.
5. Hitilafu ikitoweka, sasisha kiendeshi kupitia mfumo endeshi au mtengenezaji wa kadi, kisha washa tena uongezaji kasi na ujaribu. Isipotoweka, zima viendelezi kimoja baada ya kingine.

Hatua ya nne ni kipimo kabla ya kuwa tiba. Anayeiacha swichi ikiwa imezimwa huenda akaona video zikikwama, kompyuta ikipata joto na betri ikiisha mapema, kwa sababu kichakataji kikuu kimebeba kazi isiyokuwa yake.

Maneno yanayochanganywa

*Kufungua upya* na *kuweka upya*. Kosa hili ndilo lenye madhara makubwa zaidi katika tafsiri za maelekezo. *Kufungua upya* ni kukifunga kivinjari na kukifungua tena. Hakuna mpangilio unaobadilika. *Kuweka upya* ni kuirudisha mipangilio katika hali ya asili. Katika Chrome, tendo hilo huzima viendelezi na kufuta vidakuzi, hivyo mtumiaji hulazimika kuingia tena katika akaunti zake. Alamisho na manenosiri yaliyohifadhiwa hubaki, lakini asiyeyakumbuka na wala hakuyahifadhi anaweza kufungiwa nje kwa neno moja la mfasiri.

*Kuzima* na *kulemaza*. Kulemaza ni kutia ulemavu, na ulemavu aghalabu hudumu. Swichi inayoweza kuwashwa tena dakika moja baadaye huzimwa. Msomaji akiambiwa alemaze sehemu ya kompyuta yake, ana haki ya kusita.

*Hitilafu* na *kosa*. Kosa lina mkosaji. Kiendeshi kinapokwama, mtumiaji hajafanya lolote, tumia *hitilafu*.

*Kiendeshi* na *dereva*. Dereva ni mtu, naye huchukua upatanisho wa A-/WA-. Kiendeshi ni cha ngeli ya KI-/VI-: *kiendeshi kimesasishwa*, *viendeshi vimesasishwa*.

Mifano

Sahihi: *Zima uongezaji kasi wa michoro, kisha ufungue kivinjari upya.*

Si sahihi: *Lemaza uongezaji kasi wa michoro, kisha uweke kivinjari upya.*

Sahihi: *Hitilafu imetokana na kiendeshi kilichopitwa na wakati.*

Si sahihi: *Umefanya kosa la dereva wa zamani.*