Mchochota na Steroidi ya Kuvuta

Kwenye foleni ya malori ya Tunduma, yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, vumbi na moshi wa dizeli havikauki. Huko Mbozi na Ileje, baridi ya Juni na Julai huwasogeza watu jikoni, karibu na kuni. Mwenye pumu wa mkoa wa Songwe anajua vizuri kifua kubana. Asichoelezwa sana ni yanayoendelea kifuani siku ambazo hakibani.

Jina la hali hiyo ni mchochota. Kuchochota ni kuwasha na kuchoma, na ndiyo hali ya njia za hewa za mwenye pumu: ukuta wake ni mwekundu, umevimba, unatoa makohozi mazito, na misuli yake hukaza kwa moshi kidogo tu. Wengi husema “uvimbe”, neno jepesi kueleweka, lakini mgonjwa akiambiwa ana uvimbe kifuani hurudi nyumbani akiwaza saratani. Neno mchochota lifundishwe, hata kama litachukua dakika mbili zaidi.

Dawa ya kuutuliza ni steroidi. Mwaka 1948, Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimpa kotisoni, aina ya steroidi, mgonjwa wa baridi yabisi akapata nafuu kubwa. Miaka 2 baadaye Hench na wenzake wakapewa Tuzo ya Nobel. Furaha ilipungua ilipoonekana kwamba vidonge vikitumika muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Ndipo beklometasoni, steroidi ya kuvuta iliyoanza kutumika mwaka 1972, ilipoleta mabadiliko: dawa hufika penye ugonjwa kwa kiasi kidogo mno. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kina uzito wa dawa mara 50 ya mvuto mmoja wa mikrogramu 100.

Hata hivyo jina limechafuka. Wengi wamesikia steroidi kwenye habari za krimu za kujichubua, kwa hiyo mzazi akilisikia kwa daktari hushtuka, na jirani humwongezea hofu: “Mtoto atazoea dawa.” Salbutamoli hufungua kifua ndani ya dakika chache, ikasifiwa; steroidi huhitaji siku hata wiki, ikaachwa kabatini. Lakini salbutamoli haigusi mchochota, na tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri itumike peke yake kwa watu wazima na vijana.

Wapo wanaoiita steroidi hii “ya kupuliza”. “Ya kuvuta” ni sahihi zaidi, maana hutaja kazi ya mgonjwa: kubonyeza pampu huku akivuta pumzi polepole, kisha kuibana kama sekunde 10. Mtoto asiyeweza husaidiwa na chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako kwa waya wa moto ili pampu ikae bila kuvuja. Utafiti wa Cape Town wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba, kwa dawa ya kufungua kifua, chupa hiyo haizidiwi na vifaa vya dukani. Baada ya kuvuta steroidi, mdomo husukutuliwa ili fangasi wasiote.

Kwa mama aliyepikia kuni miaka 30 akapata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, mambo ni tofauti. Mchochota wake mara nyingi hautii steroidi, nayo huongeza hatari ya nimonia. Kwa hiyo huanzishiwa dawa za kufungua kifua kwa muda mrefu, na steroidi huongezwa akizidiwa mara kwa mara. Kikohozi chake kikipita wiki 2, hupimwa kifua kikuu kwanza.