Keya: jeshi la babu zetu kabla ya JWTZ

Ukisikia mzee hapa Mlola akisema fulani "alikwenda Keya", anataja herufi KAR: King's African Rifles. Hilo ni jeshi la askari wa miguu ambalo Waingereza waliliunda mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vyao vya Afrika Mashariki.

Kikosi cha 6 kilikuwa cha Tanganyika. Katika Vita Kuu ya Pili kilipigana Ethiopia, na Mei 1941 kilikuwa Colito. Askari wengine wa Keya walipelekwa Madagaska na Burma.

Kambi yao ya Dar es Salaam ikapewa jina la Colito. Baada ya Uhuru mwaka 1961 jeshi liliitwa Tanganyika Rifles, lakini maofisa wengi walibaki Waingereza. Januari 1964 askari waliasi, wakidai mishahara zaidi na maofisa Waafrika. Jeshi likavunjwa, na JWTZ ikazaliwa Septemba 1, 1964.

Leo kambi ile inaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Kama nyumbani kwenu kuna cheti cha Keya, kitunzeni. Huenda ndiyo karatasi pekee inayoonyesha babu alitumikia kikosi gani.