Profesa Semesi: Mtaalamu wa mimea aliyeipima mikoko ya Rufiji

CHINI ya Ndundu, mahali ambapo wasafiri wa kusini walivuka kwa kivuko hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na Kisiwa cha Mafia. Katika delta hiyo, ambayo leo sehemu yake kubwa imo Wilaya ya Kibiti, umo msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Unakadiriwa kuwa na hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara.

Miongoni mwa watu waliofanya msitu huo ujulikane kwa vipimo badala ya kukisiwa, wa mbele ni marehemu Profesa Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Semesi hakuanzia kwenye mikoko. Katika miaka ya 1970 alichunguza mwani pamoja na Profesa Keto Mshigeni, na mwaka 1977 wawili hao walichapisha utafiti kuhusu ute unaopatikana katika mwani mwekundu wa jenasi ya Eucheuma. Wakati huo ni wachache waliodhani kwamba mwani ungekuja kuwa zao la kuwapatia riziki maelfu ya wanawake wa Zanzibar.

Mikoko nayo ilikuwa imekwishatumika kwa karne nyingi. Boriti na mapau ya Rufiji yalisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni. Kila mti una kazi yake: mkandaa na mkoko hutoa nguzo, mlilana hutoa mataruma ya vyombo, msikundazi hutoa milingoti, na mkomafi hupendwa na maseremala. Ukiongeza mchu, msinzi na kikandaa, unapata aina nane zilizoorodheshwa katika delta.

Mwaka 1987 Serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchini. Amri hiyo ilikuwa na nia njema, lakini haikumweleza mkazi wa delta ajenge kwa nini, wala bwana misitu alinde wapi kwanza. Ndipo Semesi alipokabidhiwa kazi ya kuandaa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara. Mpango huo, wenye majuzuu kadhaa, ulitolewa mwaka 1991.

Uzito wa kazi yake umo hapa. Badala ya kuifunga misitu yote, mpango uliigawa katika kanda nne. Ya kwanza ni ya kuhifadhiwa kabisa. Ya pili ni ya kuvunwa kwa utaratibu. Ya tatu ni ya maeneo yaliyoharibika, yaachwe yapumzike au yapandwe upya. Na ya nne ni ya shughuli za maendeleo, kama vile mashamba ya chumvi na ufugaji wa kamba. Kwa maneno mengine, mwanabotania huyo alikubali kwamba binadamu ni sehemu ya msitu, jambo ambalo wahifadhi wengi wa enzi zile walilikwepa.

Suala gumu lilikuwa mpunga. Tangu miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalielekea upande wa kaskazini wa delta, chumvi ikapungua, na wakulima wakafyeka mikoko ili walime. Baada ya miaka michache magugu na kaa huwashinda, nao hufungua shamba jipya. Kwa mkulima hilo ni chakula cha watoto; kwa ofisi ya misitu ni uvamizi wa hifadhi. Mvutano huo umeendelea muda mrefu baada ya mpango kuandikwa.

Mwaka 1997 Serikali iliidhinisha mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta, licha ya ushauri tofauti wa Baraza la Mazingira. Wanavijiji walikwenda mahakamani, na mradi haukujengwa. Mwaka uliofuata Semesi alichapisha katika jarida la kimataifa la Ambio makala kuhusu usimamizi na matumizi ya mikoko Afrika Mashariki. Alifariki dunia mwaka 2001.

Tangu Desemba 2022, maji ya Rufiji yamekuwa yakizuiwa kwanza katika Bwawa la Julius Nyerere, kilomita nyingi juu ya Ndundu. Bwawa hushika tope na kupunguza mafuriko, vitu viwili vinavyoilisha mikoko na kuizuia chumvi isipande. Wanaotaka kujua msitu ulikuwaje kabla ya hapo hulazimika kurejea, pamoja na mengine, vipimo vya mwaka 1991.