Kibarua, kipande, manamba

Majuzi nilialikwa katika kikao cha kupitia orodha ya wafanyakazi wa taasisi moja ambayo sitaitaja. Ofisa utumishi alisoma jina la mtunza bustani, kisha akaongeza, "Huyu ni kibarua tu." Mtu huyo amefanya kazi hapo kwa miaka 9. Nilipouliza uko wapi mkataba wake, jalada lilifunguliwa: mlikuwa na hati za malipo za kila mwezi, basi. Kikao kiliendelea na jina lililofuata, nami nikabaki na lile neno.

Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaeleza asili yake. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akakirudisha alipolipwa. Jina la karatasi likamhamia aliyeishika. Katika miji yetu ya pwani karne ya 19, wengi wa watu hao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana.

Wakoloni waliipenda karatasi hiyo kuliko sisi tunavyokumbuka. Mwaka 1907, huko Wilhelmstal, Lushoto ya leo, Wajerumani walianzisha kadi ya siku 30 za kazi kwa walowezi. Asiyeijaza alipelekwa kwenye kazi za umma. Kenya ilipitisha sheria ya kipande mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kikiwa na alama za vidole, majina ya waajiri, tarehe na mshahara.

Wanafunzi wangu hukasirishwa na kile kikopo, na wana haki. Lakini naona jambo zito zaidi lilikuwa safu ya mshahara. Mwajiri mpya alisoma alicholipa yule wa zamani kabla mwombaji hajafungua kinywa. Tena, bila sahihi ya kumwachia, mtu hakuweza kwenda kwingine kihalali. Mapatano yalikwisha kabla ya kuanza. Harry Thuku alilipinga hilo waziwazi. Alipokamatwa Machi 1922, waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi. (Fomu zetu za maombi ya kazi bado zina kisanduku cha "mshahara wa sasa". Sijawahi kusikia mtu akieleza ni cha nini.)

Tanganyika, katika mashamba ya mkonge, kipande kilikuwa kadi ya siku 30, na mshahara ulitolewa ilipojaa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuwasaka wafanyakazi kutoka mbali, kama Kigoma na Songea. Waliosafirishwa hivyo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Serikali ilikuwa imeunda idara ya kazi mwaka 1926 chini ya Meja Orde-Browne, aliyeandika kitabu kizima juu ya mfanyakazi wa Kiafrika. Mdororo wa uchumi ulipofika, idara ikafutwa mwaka 1931 ili kubana matumizi. Kadi hazikufutwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iligeuza mambo. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuandika masharti ya kazi na kuyatunza, isipokuwa kwa anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Mgogoro ukifika mbele ya sheria naye akashindwa kuonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Niliyasema hayo kikaoni. Nikajibiwa kwamba suala hilo litaangaliwa katika bajeti ijayo.

Jioni nilimkuta mtunza bustani akikunja mpira wa maji. Nilipomweleza, aliingia stoo akatoka na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na nakala zake za hati za malipo, amezifunga kwa uzi, mwaka baada ya mwaka. Akaniuliza, "Mwalimu, hizi zitatosha?"