Kukarabati Nyumba Iliyopo kwa Makazi na Biashara: Mafunzo ya Kibera, Kawangware na Pwani

Jengo la matumizi mseto ni lile linalobeba kazi zaidi ya moja: duka chini, makazi juu, pengine darasa au ofisi kando. Kwa sisi watu wa pwani jambo hili si geni. Zahanati ya Kale iliyoko Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilijengwa kwa mali ya tajiri Tharia Topan. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 na kazi ikakamilika 1894. Chini palitolewa dawa, juu palikuwa na makazi. Katika miaka ya 1990 shirika la utamaduni la Aga Khan liliikarabati ikapata kazi mpya, bila kuibomoa.

Je, hekima hiyo inaweza kuwafaa wakazi wa Kibera na Kawangware, ambako hata baadhi ya vijana wetu wamepanga vyumba?

Jangwa chini ya mabati

Nairobi si jangwa. Iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Lakini chumba cha mabati kina tabia ya jangwa: adhuhuri kinaunguza, alfajiri kinatetemesha. Bati ni jembamba, halihifadhi joto wala baridi. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama wa Lamu, hupokea joto polepole na kulitoa polepole.

Tiba ya kwanza basi ni paa. Rangi nyeupe juu ya bati hurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Dari chini yake, hata ya mbao nyepesi, huacha nafasi ya hewa inayopunguza joto la mchana na baridi ya usiku. Tiba ya pili ni matundu ya hewa katika kuta mbili zinazotazamana, moja likiwa juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda.

Kila mahali pana kanuni yake. Garissa au Wajir, penye ukavu, madirisha hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Mombasa, penye unyevu, upepo huachwa upite wakati wote. Mwenye nyumba ya kale asiipake saruji juu ya chokaa, maana unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza.

Maji na choo

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, linaweza kutoa karibu lita 400. Maji ya mwanzo yamwagwe, kwani ndiyo yanayoosha vumbi la paa.

Kuhusu choo, Kibera ina mfano wake. Shirika la Umande Trust lilisaidia vikundi vya wakazi kujenga vituo vya gesi, kikiwemo cha Katwekera. Kinyesi huingia katika tangi lililo chini ya ardhi, gesi inayotoka hupikia, na ghorofa za juu hutumika kwa mikutano na biashara. Hayo yalikuwa majengo mapya, lakini mpango wake waweza kuigwa katika ua wa jengo la zamani lenye watumiaji wengi. Familia moja au mbili hazitoshi kuzalisha gesi ya kutegemewa.

Kabla ya nyundo

Ukuta wa fito na udongo usiongezewe ghorofa. Jiko la biashara na mashine ya kuchomelea vyuma vitengwe na vyumba vya kulala, na nyaya za umeme zikaguliwe upya. Kubadili matumizi ya jengo kunahitaji kibali cha kaunti, kwa mujibu wa sheria ya mipango ya mwaka 2019.

Lakini jambo linaloamua yote ni kodi. Katika mradi wa serikali wa Soweto Mashariki, Kibera, familia zilihamishiwa Lang'ata mwaka 2009, na nyumba mpya 822 zikakabidhiwa 2016. Miaka saba ni mingi kwa mama mboga ambaye wateja wake ni majirani. Ukarabati unaofanywa chumba baada ya chumba unaweza kumwacha mahali pake.

Hata hivyo, wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji. Dari mpya ikifuatwa na kodi mara mbili, atakayefaidi ubaridi wake ni mtu mwingine. Kwa hiyo mwenye nyumba na wapangaji waketi kwanza, waandikiane kodi itakuwa kiasi gani na kwa muda gani, nani atarudi chumba kipi, nani atatunza tangi. Karatasi hiyo isipokuwepo, nyumba itapona na watu wake watahama.