Ukoo wa 'com-' na Mzigo wa Jumuiya

Makanga akiuliza, "Kuna wa Community?" pale Upper Hill, abiria wengi hudhani jina hilo ni jamii tu. Sivyo. Ni kumbukumbu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyoanza 1967 na kuvunjika 1977. Jumuiya ilikufa, jina likabaki midomoni mwa makanga.

Wanafunzi wangu huniuliza kama maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa 'com-' ni ndugu. Mengi ni ndugu kweli. Katika Kilatini, kiambishi hicho kilibeba maana ya 'pamoja'. Lakini si yote: 'comet' na 'comedy' asili yake ni Kigiriki, na hilo la kwanza lilihusu nywele. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kufanana kwa herufi si undugu.

Historia yetu ya kutawaliwa inaweza kusimuliwa kwa maneno ya ukoo huu. Mwaka 1888, Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya kifalme. 'Company', kwa asili, ni watu wanaokula mkate pamoja. Mwenyeji hakualikwa mezani, na mkate wenyewe haukutosha: kufikia 1895 kampuni ilikuwa imeshindwa, serikali ya Uingereza ikaichukua nchi.

Kisha akaja 'Commissioner', yule DC tuliyemjua wilayani. Hapa mzizi ni kutuma. Kiswahili nacho kina tume, kutokana na tuma. Aliyetumwa humjibu aliyemtuma, si aliowakuta. Mwaka 1948 ikaundwa East African High Commission, makao yake Nairobi, kusimamia huduma za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1961 nafasi yake ikachukuliwa na East African Common Services Organization.

'Common' na 'community' zina mzizi mmoja, wenye maana ya wajibu, au mzigo. Basi 'community' ni watu wanaobeba mzigo pamoja. Sisi tulichagua 'jumuiya', neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa jamii na jamaa. Mzizi wake ni kukusanya. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini ina uzito: watu wanaweza kukusanyika vizuri sana, na kila mmoja akashika mzigo wake kivyake.

Ndivyo ilivyokuwa 1977. Nchi tatu zilivutana kuhusu nani anachangia na nani anafaidi katika reli na ndege, mpaka zikatengana. Makubaliano ya kugawana mali yalitiwa saini Mei 1984, miaka saba baadaye.

Mkataba wa Jumuiya ya sasa ulitiwa saini Arusha, 30 Novemba 1999. Hata hivyo, Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania, ikitaja sumukuvu. Afya ya mlaji ni jambo zito, sikatai. Lakini sumu iliyo katika mahindi ya jirani ni mzigo wetu sote, au ni wake peke yake? Tukilijibu swali hilo, tutajua tumejenga 'community' au tumekusanyika tu.