Wakili wa mshtakiwa
Wakili (nomino, ngeli ya A-WA, wingi: mawakili). Neno lenye asili ya Kiarabu, lililozaa wakilisha na uwakilishi. Katika kesi ya jinai, mfasiri atofautishe kuwa na wakili na kupewa wakili. Kifungu cha 50(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kujichagulia wakili; anayegharimiwa na Serikali hutolewa pale tu ambapo kumkosa kungesababisha dhuluma kubwa. Tafsiri isemayo “ana haki ya wakili” huufuta mpaka huo, naye mshtakiwa maskini akadhani ameahidiwa asichoahidiwa. Mfano: Mshtakiwa alijulishwa kwamba anaweza kuwa na wakili, aliomba apewe, kwa kuwa hakuwa na fedha.